Nilisema Hauumi

Kwako dada yangu mkubwa,

Shikamoo. Nimekuamkia kwa sababu ndivyo tulivyolelewa, si kwa sababu moyo umetulia. Natumaini mgongo umeacha kukusumbua na shemeji hajambo. Mimi mwili unaendelea vizuri. Mengine utayasoma humu, tena uyasome ukiwa umekaa. Sikupiga simu kwa sababu simu ndiyo iliyotuponza.

Unakumbuka nilipojifungua fizi zilivimba, kila nikipiga mswaki natema damu. Nikapuuza, nikidhani ni mambo ya uzazi tu, mpaka jino la mbele likalegea, likatoka na kipande cha mkate. Tangu hapo pale kwenye cherehani nacheka nimeziba mdomo kwa vitambaa vya wateja. Mwanao ndiye pekee aliyelifurahia lile pengo. Akinyonya huingiza kidole humo, eti anatafuta kilichokuwepo.

Basi nikaenda kwa daktari wa meno, mama mmoja mpole anayezungumza na meno kama yanasikia. Alinisafisha fizi mpaka chini, na zilipotulia akanipandikizia skrubu ndogo kwenye mfupa, ndiyo itakayobeba jino jipya. Akasema ataniongezea tiba ya mwanga. Ni kitaa chembamba cha mwanga mwekundu. Unavalishwa miwani myeusi, anakishika karibu na fizi, wala hakichomi. Aliniambia waziwazi kwamba kinasaidia kidonda kupona na uvimbe kupungua, lakini hakifanyi kazi ya mswaki, nisije nikabweteka.

Siku ile ya skrubu ulinipigia ndiyo kwanza natoka, midomo imekufa ganzi. Ukauliza niko wapi, nikakwambia natibiwa kwa mwanga. Mimi nasema taa, wewe umeelewa mchawi. Ukauliza mwanga yupi. Nikasikia upi, nikajibu mwekundu. Ukauliza kama siogopi, nikakwambia hauumi. Dada, nilisema hauumi! Mdomo mzito ukameza herufi moja, wewe ukasikia haumi, kana kwamba nimekaa na mchawi mwekundu ambaye siku hiyo ameshiba. Yangempata mtu mwingine ningecheka mpaka nikae chini.

Lakini hukuniuliza tena. Hata "unasemaje wewe?" hukusema. Ulikata simu, ukampigia mama mkwe wangu. Nilipofika nyumbani nikamkuta jirani anayenishikia mtoto amesimama mlangoni mikono mitupu. Akasema bibi yake amekuja, amembeba na nguo zake zote, na ameacha maneno kwamba mjukuu wake hanyonyi maziwa ya mtu anayekwenda kwa wanga. Shemeji yako yuko safarini na lori, hapatikani. Sasa nakamua maziwa kwenye sinki nayaona yakienda na maji. Nashona blauzi za watu huku yangu imelowa, na fundi mwenzangu anajifanya haoni.

Nikamfuata mama mkwe, nikabisha hodi kama mgeni. Nikamwomba anisindikize kwa daktari ajionee mwenyewe. Alikubali, lakini alikaa karibu na mlango, mkoba ameukumbatia, tayari kutoka mbio. Daktari akammulika mkononi. Mama mkwe akaugeuza mkono, akaunusa, akasema mbona ni taa tu hii. Nikashusha pumzi, nikadhani yamekwisha.

Hapo ndipo aliponieleza kitu ambacho sikukijua. Alisema wewe hukumwambia umesikia. Ulimwambia umeniona. Umeniona kwa macho yako, nimekaa sakafuni kwa mwanga, mtoto mapajani. Na simu ilikuwa kwenye spika, sebule nzima inasikia, baba mkwe na mawifi zangu wote. Yeye sasa anaamini ni taa, lakini anasema hawezi kunirudishia mtoto wakati nyumba nzima inamuuliza, dada wa tumbo moja atasemaje ameona kitu asichokiona? Akanitazama usoni, akasubiri nimjibu.

Sikio likikosea nasamehe, hasa kwa mdomo wangu ule. Lakini macho yako yalifika lini huku? Ulinogesha, dada. Ulitaka uaminiwe upesi ukaongeza chumvi, na aliyelipia chumvi hiyo ni mtoto ambaye hata kutembea bado anashika ukuta. Labda ulimwogopea, maana wewe ni mama yake mkubwa. Nataka kuamini hivyo. Hata hivyo nimekasirika mpaka kalamu inatoboa karatasi.

Sitaki uniombe radhi. Ukimaliza kusoma mpigie mama mkwe. Mwambie awakusanye walewale, aweke spika kama siku ile. Usiseme ulisikia vibaya. Sema hukuniona popote, ulidanganya. Utaona aibu, najua. Aibu itapita. Maziwa yangu yakikauka hayarudi.

Daktari anasema mfupa umeanza kuishika ile skrubu vizuri, na jino litakuja. Nami naamini mwanangu atakuja kabla ya jino. Godoro lake nimelianika, nimeshalitandika.

Wasalimie shemeji na watoto, waambie mama yao mdogo anawapenda, wao hawana kosa. Nawe Mungu akupe ujasiri.

Usinijibu mimi. Wajibu wao.

Ni mimi mdogo wako,
mama wa mtoto aliye kwa watu.