Dawa ya Mshipani Kabla ya Jumamosi

Jumatatu, 14 Januari
Uji bila sukari. Nesi kanishika mkono dakika nzima akihesabu mapigo, akakunja uso. Moyo bado haufuati mpangilio: matatu ya haraka, moja la kuchelewa, kisha kimya. Siku ya nne hapa hospitalini Mbulu. Gazeti la mwezi uliopita nimelisoma mara mbili. Jirani wa kitanda anaongea Kiiraqw na wageni wake. Mimi sina wageni.

Jumanne, 15 Januari
Paulina, binti yangu, amefika kutoka Katesh na barua ya shamba la ngano. Jumamosi trekta zinaingia upande wa Masakta, ambako tuliondolewa miaka kumi na minne iliyopita. Mzee aliyekuwepo mazishini aje aonyeshe kaburi la baba yangu, liwekewe vigingi. Lisipoonyeshwa litalimwa.

Tuta la udongo juu ya kaburi, tulilolipandisha kwa miezi tisa kama desturi yetu, limeporomoka. Mgeni atadhani ni kichuguu. Waliolijenga wamekufa. Nimebaki mimi.

Paulina kaleta na supu ya mizizi. Nimeimaliza.

Jumatano, 16 Januari
Daktari kaeleza njia mbili za kuanza dawa ya kurudisha mapigo kwenye mpangilio. Ya mshipani hufanya kazi kwa saa chache, lakini inaweza kuangusha presha ghafla. Vidonge huenda polepole, na lazima nilale hapa siku kadhaa nikiangaliwa, maana mwanzoni dawa yenyewe inaweza kuuvuruga moyo zaidi. Yeye angependa vidonge.

Nilimwuliza ipi itanitoa Ijumaa. Labda ya mshipani, alisema. Nikachagua hiyo.

Akauliza kama nimetumia dawa nyingine yoyote. Nikajibu hapana.

Alhamisi, 17 Januari
Walianza saa tatu asubuhi. Robo saa baadaye sikuiona dari. Presha ilianguka. Wakasimamisha dawa, wakaniinua miguu. Nilipopata nafuu daktari alikuwa ameshika kopo la Paulina, anainusa mizizi iliyobaki.

"Mzee, nilikuuliza kuhusu dawa."

"Hiyo ni supu, daktari. Supu ni chakula."

Hakucheka. Alisema hana hakika kama mizizi ndiyo iliyochangia, ila sindano hairudii. Vidonge, kuanzia jioni, mpaka wiki ijayo. Nilifundisha watoto miaka ishirini kufikiri kabla ya kujibu swali. Jumamosi nimeipoteza kwa mdomo wangu. Nina aibu.

Ijumaa, 18 Januari
Kila baada ya kidonge nesi analeta mashine ya moyo, anatazama mistari. Bado ovyo.

Nimechora ramani kwa rula. Jiwe jeupe penye mkondo wa maji, kisha hatua mia tatu kuelekea kilele cha Hanang. Kwetu mwanamke haonyeshi kaburi la mzee. Nimemtuma Paulina hivyo hivyo.

Jumamosi, 19 Januari
Hakuna habari. Kidonge asubuhi, kidonge mchana. Kutwa nimetazama ukuta. Hata siku tuliyohama sikuwa mpweke hivi. Siku ile tulikuwa wengi.

Jumapili, 20 Januari
Moyo umetulia tangu alfajiri. Daktari kanionyesha karatasi ya mashine, mistari imepangana vizuri. Alifurahi kuliko mimi.

Paulina karudi mchana, vumbi mpaka kwenye nyusi. Hakuona tuta wala kichuguu, majani tu. Basi akahesabu. Watu wa shamba wakapigilia vigingi vinne pale alipoishia, na dereva wa trekta akavizunguka. Pande zote zimelimwa.

"Mia tatu kamili, baba. Sikuruka hata moja."

Nikatazama miguu yake chini ya benchi. Midogo, kama ya marehemu mama yake. Hatua zangu mbili ni zake tatu. Mimi wa rula na ramani, sikuandika ni hatua za nani.

Nikamwambia amefanya vizuri. Akala nusu ya wali wangu, akasinzia ameketi. Nimemfunika koti langu.