Kilometa Tatu

Mpendwa Baba Neema,

Binti yako anatua Juba kesho kutoka Kisumu. Mama yako alimwambia ulikufa kwa kichwa kigumu, kwamba nilikukataza kutoka nje ukatoka. Nimeuacha uongo huo ukae miaka sita. Kesho ama niseme ukweli, ama niumeze tena.

Unakikumbuka kipindi cha siku ile, hapa Juba, shuleni Buluk. Wewe ubaoni, mimi nyuma nasahihisha madaftari. Uliandika umbali wa Jua, kilometa milioni mia moja na hamsini, ukagawa kwa mwendo wa mwanga, kilometa laki tatu kwa sekunde. Sekunde mia tano. Ukawatania wanafunzi, "Jua likizimika sasa hivi, bado mna dakika nane za kumaliza zoezi!" Wakacheka. Ukaingia kwenye mionzi: umbali ukiwa mara mbili, joto hubaki robo. Hapo mzinga wa kwanza wa mapigano ukalia na vioo vya madirisha vikamwagika juu ya madawati.

Tulilala sakafuni na watoto hadi alasiri. Walikuwa wanalia kiu, na tangi la maji liko ng'ambo ya uwanja. Ukanitazama, maana tulikuwa na desturi yetu: kuona moshi, kuhesabu sekunde hadi mlio ufike, kisha kugawa kwa tatu upate kilometa. Wenzetu walisali, sisi tuligawa. Nikachungulia dirishani, nikaona moshi upande wa Gumbo, ng'ambo ya mto, nikahesabu hadi tisa.

Okello, yule Mganda wa kantini, akanishika mkono. "Madam, usiache yeye anatoka! Bunduki ingine iko hapa nyuma ya ukuta!"

"Nyamaza," nikamfokea. "Sisi tunapima, wewe unaogopa tu." Nikakugeukia. "Kilometa tatu. Nenda."

Ulifika tangini, ukajaza jerikeni, ukageuka, na risasi ikakutoboa shingo. Nilitambaa hadi kwako nikaziba kwa leso, nikakandamiza kwa mikono miwili, na damu ikazidi kupita kati ya vidole. Miguu yako ilipiga mateke hadi jerikeni ikamwagika yote. Nilimtukana Mungu, nikawatukana waliokupiga, nikamtukana na Okello kwa sababu alikuwa amesema kweli.

Hesabu yangu haikuwa na kosa. Mzinga wa Gumbo ulikuwa mbali kweli. Ila waliokuua sikuwahesabu kabisa, na nilikuwa nimeonywa.

Hasira haijaniisha. Juzi msichana mmoja aliniuliza mwanga wa Jua hutufikia baada ya muda gani, nikarusha dasta ukutani ikapasuka. Nilimwomba msamaha, nikaokota vipande.

Kesho nitamwambia Neema pale pale uwanja wa ndege, kabla sijamshika hata begi. Anaweza kunipiga. Anaweza kupanda ndege ileile arudi Kisumu. Lakini mtoto huyu amemkasirikia baba yake kaburini miaka sita, na mwenye kosa yuko hai, anakula, anafundisha.

Pumzika, mume wangu.

Mkeo,
Mama Neema