Elieshi na chuo kinachobandika namba

Selina weee, bado moyo unanidunda!

Nilimsindikiza Elieshi na baba yake kwenye maonyesho ya vyuo, Mnazi Mmoja. Mzee keshatangazia Kariakoo nzima kwamba binti anaenda kusomea udaktari chuo kile kikali.

Kwenye banda la chuo hicho, Elieshi akamuuliza mwanafunzi wao mwenye koti jeupe: "Dada, kweli mnabandika majina ukutani, wa kwanza mpaka wa mwisho?"

"Kila mtihani."

"Na wa mwisho anasaidiwa?"

"Na nani? Kila mtu anagombania namba."

Mzee akacheka. "Safi sana! Wewe wa ngapi, mwanangu?"

Dada akainama. "Wa mwisho, mzee."

WA MWISHO, Selina! Machozi yakamtoka dada wa watu palepale.

Mzee akamtazama yule dada, kisha akamtazama Elieshi. Akaikunja fomu ya kujiunga aliyokuwa ameishika, akamwambia binti yake: "Twende, mama, tukaulize banda lingine."