Mguu Wangu, Jina Lake

Alhamisi, 12 Juni

Kesho tunasafiri. Mashindano ni Jumamosi: kuogelea bwawani karibu kilomita nne, halafu baiskeli mia na themanini, halafu kukimbia arobaini na mbili. Yote siku moja. Nikimwambia mteja dukani anadhani natania.

Nimesaga lenzi za mwisho mchana, bosi akaniruhusu niondoke mapema. Akasema hajapata kuona fundi miwani mwenye mbio hivi, labda natoroka ndoa. Nikacheka.

Kocha amepanga vitu vyetu sebuleni kwa mafungu mawili. Kocha ni mume wangu. Ni mwalimu wa michezo, na shule nzima inajua anakwenda. Wanafunzi wameandika jina lake kwenye shuka, kwa rangi nyekundu. La kwangu halipo, wala sikulitaka. Mimi nilianza kwa kumsindikiza tu. Alikuwa anaondoka alfajiri kila siku, nikaona bora nikimbie naye kuliko kulala nikiionea wivu baiskeli. Huu ni mwaka wa pili. Kwenye mazoezi ya mwisho nilimwacha mlimani. Alisema mnyororo wake ulikuwa unagoma. Ule mnyororo niliupaka mafuta mwenyewe kabla hatujatoka. Haukuwa na tatizo lolote.

Wifi yangu amepiga simu. Atatufuatilia huko huko nyumbani, kwa sababu kila mshindani anafungwa chipu mguuni, na ukipita kituo jina lako linatokea kwenye simu za watu. Akasema, "Wifi, ukichoka wewe kaa chini, mwache kaka amalize. Akimaliza mmoja imetosha ukoo mzima." Alikuwa anatania. Nadhani.

Ijumaa, 13 Juni

Chumba cha hoteli. Kitanda kimoja, baiskeli mbili, hakuna pa kukanyaga.

Tumechukua bahasha zetu. Namba ya kifuani, kofia ya kuogelea, mkanda mweusi wa kufunga kifundoni wenye chipu. Jina liko kwenye kibandiko kidogo, maandishi madogo kama sisimizi. Mikanda inafanana kabisa. Kocha ameitia yote miwili mfuko mmoja, eti isipotee. Nikasema kila mtu akae na wake. "Mke wangu, hebu niachie mimi." Nikamwachia.

Nimemletea miwani ya kuogelea yenye lenzi za macho yake. Nilizisaga kwa wiki mbili, jioni jioni, baada ya kazi. Ameikataa. Nene mno, watu watamwona kama babu. Kwa hiyo ataogelea na ya kawaida, na bila miwani yake haoni hata sahani iliyo mbele yake. Kinyozi hajinyoi, sawa. Lakini huyu ananyolewa bure na bado anakwepesha kichwa.

Jumapili, 15 Juni

Jana sikuweza kuandika kwa uchovu. Leo kinachonizuia ni jambo jingine.

Niandike kwa mpangilio.

Alfajiri, kando ya bwawa. Kocha ameshavua miwani yake na kuiacha kwenye baiskeli. Akapiga goti kwenye changarawe, akanifunga mkanda mguuni, akauvuta kuhakikisha umeshika. Akanipiga kofi dogo kwenye shavu la mguu. "Tayari." Kisha akajifunga wake. Nilimpenda sana dakika ile. Naandika hivi ili nisije nikajidanganya baadaye kwamba sikumpenda.

Maji yalikuwa ya baridi na watu wote wana viwiko. Mmoja alinipiga teke la kidevu. Nilikunywa maji ya bwawa hadi nikahisi nimeshiba. Lakini nilitoka, tena si wa mwisho.

Baiskeli — upepo usoni mizunguko yote. Sijui upepo gani huo usio na mgongo. Mzunguko wa tatu nikampita Kocha. Amekaa kando ya barabara, anakamua paja kwa mikono miwili, uso umekunjamana. Nikapunguza mwendo. Akanipungia mkono: nenda. Nikaenda. Nilifurahi na nililia, vyote kwa pamoja.

Kukimbia nisingependa kukumbuka, ila nakumbuka kila kitu. Soksi zilianza kulowa na nikajua si jasho, ni kucha. Ndizi niliyopewa kwenye meza ya maji niliitapika kwenye meza ya maji iliyofuata. Nilitembea. Nilikimbia tena. Kilima cha mwisho kinapanda hadi kwenye nyumba ya mitambo ya bwawa, kuna geti la kijani, na mlinzi amekaa kwenye kiti cha plastiki. Aliponiona nakuja akasimama, akavua kofia, akaishika kifuani. Kama anapisha msiba. Hapo nikalia kwa sauti, nikilia huku nakimbia, na baada ya hapo ilikuwa mteremko tu.

Nilifika jua halijazama. Mtangazaji akashika kipaza sauti, akatangaza jina kamili, na cheo chake cha ualimu.

Jina la mume wangu.

Niligeuka nyuma kumtafuta. Nilidhani ananifuata, labda miujiza imetokea. Barabara ilikuwa tupu. Msichana wa medali akanivisha, akaniambia hongera dada. Namba ya kifuani ilikuwa yangu. Lakini kompyuta haisomi kifua, inasoma mguu.

Kocha alikuwa amenisubiri nje ya kamba, amevaa fulana kavu. Alinishika nisianguke. Nikampa medali anishikie nikatapike. Niliporudi alikuwa ameivaa. Simu yake ikaita, ni wifi, kwa video, naye akapokea. Nikasikia sebule nzima inapiga kelele: kaka, tumekuona, tumekufuata kituo kwa kituo! Akatabasamu. Hakuivua.

Leo kwenye basi nimemuuliza. Akasema ndiyo, mikanda ilibadilika, bila miwani angesomaje, bahati mbaya. Nikamuuliza atawaambia lini. Akasema nipumzike kwanza, tutaongea nikiwa na akili timamu.

Akili ninayo. Kucha ndizo sina.

Jumatatu, 16 Juni

Kazini nimekaa siku nzima. Bosi kanitazama ninavyoshuka ngazi kinyumenyume, akaniletea kiti chake chenye mto.

Jioni mama mkwe amekuja kumpongeza mwanawe. Kamshika uso kwa mikono miwili. Kisha akanigeukia mimi: "Pole mwanangu. Si kila mwili umeumbiwa mambo hayo. Ulijitahidi." Nikasema asante mama. Nikaenda jikoni kuleta chai, natembea kama bata. Akaniita, ana huruma ya kweli machoni: "Na umeumia hivyo, na hata hukufika?"

Nikamtazama Kocha. Alikuwa anachunguza kikombe chake kama kuna kitu kimezama ndani.

Nikamimina chai. Sikumwaga hata tone. Nimejishangaa.

Jumanne, 17 Juni

Mchana nimewapigia simu waandaaji. Nimeunganishwa na dada anayesimamia saa na chipu. Sauti ya upole, anatafuna kitu.

Nimemweleza. Akasema hutokea, hasa kwa mume na mke, wanafungana mikanda kama wanafungana ndoa. Picha za kamera zipo, namba yangu inaonekana. Inarekebishika. Lakini lazima wote wawili tupige simu na kukiri makosa. Mmoja akikana, kanuni inasema ni udanganyifu, tunafutwa wote. Mwisho wa marekebisho ni Ijumaa saa kumi jioni, baada ya hapo matokeo yanafungwa.

Nikashukuru. Nilikuwa nakata simu. Akasema, lakini nilidhani mumeo ameshakwambia. Ameniambia nini, nikamuuliza. Basi akasimulia. Kocha alipojitoa, alikwenda mwenyewe kwenye hema lao kurudisha mkanda. Huyu dada akaupitisha kwenye mashine, jina langu likatokea kwenye skrini, akamuuliza huyu ni nani. Kocha akasema ni mke wangu, amechoka, nimemletea mkanda wake.

Mimi saa hiyo nilikuwa bado na nusu ya mbio mguuni.

Kunifunga mkanda usio wangu ni kosa la macho. Nayajua macho yake, nimeyapima mwenyewe. Lakini pale hemani hakuhitaji miwani. Aliulizwa kwa sauti.

Jumatano, 18 Juni

Tumegombana, kwa sauti ya chini, kwa sababu ya majirani.

Nimemwambia najua ya hemani. Hakukana. Alikaa kwenye mkono wa kochi, akasema alitaka tu kusogeza aibu mbele kidogo, hadi nifike, tucheke pamoja. Kisha wifi akapiga simu. Kisha mkuu wa shule akapiga. Kisha ikawa kubwa kuliko yeye.

"Wewe unajua ulimaliza. Mimi najua. Mungu anajua. Unataka nani mwingine ajue?"

Nikasema: namtaka mama yako.

Akasema Ijumaa kuna mkutano wa shule, wanampongeza mbele ya wanafunzi wote. Wamefua ile shuka, wameandika upya. Nimwache apite Ijumaa tu. Nikamwambia Ijumaa ndiyo mwisho. Anajua ndiyo mwisho. Aibu hii ni maiti aliyoificha yeye, ila mochwari ni mimi.

Alhamisi, 19 Juni

Baada ya chakula amekuja akaketi sakafuni karibu na beseni langu la maji ya chumvi. Akanishika mguu. Akauangalia muda mrefu, kidole kwa kidole. Nilidhani sasa anasema.

Akasema, "Hebu nisimulie. Kile kilima cha mwisho. Kilikuwaje?"

Ni karibu wiki nzima, na hakuna mtu hata mmoja aliyeniuliza swali hilo. Hakuna. Kwa wote mimi sikufika. Basi nikamsimulia, mjinga mimi. Soksi, ndizi, geti la kijani, kiti cha plastiki, kofia kifuani. Nilivyolia. Nikasimulia hadi maji yakapoa. Alisikiliza vizuri, kama zamani. Akauliza geti lilikuwa kushoto au kulia.

Kushoto, nikasema. Hapo ndipo nikaelewa anauliza kwa nini.

Ijumaa, 20 Juni

Asubuhi, kabla hatujatoka: "Vaa viatu vya kufunika, tafadhali. Watoto watauliza." Nimevaa. Vile vyeusi vya ngozi. Kila hatua naisikia hadi kwenye meno.

Medali kanipa mimi niibebe mkobani. Mkuu wa shule anataka mke amvishe jukwaani, inapendeza kwenye picha.

Saa tisa na nusu. Naandika kwenye ngazi nyuma ya ukumbi. Nimesema nina simu ya haraka. Si uongo sana, simu ninayo mkononi, namba ya yule dada wa chipu iko juu kabisa. Madirisha yako wazi, namsikia Kocha vizuri. Anasimulia anavyojua, ana sauti nzuri ya jukwaani. Ameshafika kilimani. Soksi zimelowa, "nikajua si jasho, ni kucha." Wanafunzi wameguna. Geti la kijani, mkono wa kushoto. Mlinzi. Kofia. "Nililia, wanangu. Mwalimu wenu alilia." Mama mkwe yuko mstari wa mbele, najua analia na yeye.

Ni machozi yangu hayo. Hata hayakumkaa vibaya.

Binti mmoja ameomba kuuliza swali. Sauti nyembamba, haina hofu. Mwalimu, pale mlinzi alipovua kofia, ulikuwa unafikiria nini?

Kocha amenyamaza.

Hilo sikumwambia. Jana hakuniuliza. Nilikuwa namfikiria yeye, pale kando ya barabara na paja lake. Nilikuwa nafikiria nikifika nimpe medali aishike, asijisikie vibaya.

Kiti kimelia mahali. Sasa anakohoa.

"Nilikuwa namfikiria mke wangu."

Ukumbi mzima unapiga makofi. Wanapiga na miguu.

Mkuu wa shule anauliza mama yuko wapi, aitwe, aje amvishe. Imebaki robo saa na kidogo, nimeangalia. Nimempigia yule dada, nikamwambia asikate, asikilize tu, labda simu moja itatutosha wote wawili. Simu iko wazi kwenye mfuko wa gauni. Kiatu cha kulia nimekivua, watoto waulize. Cha kushoto kinagoma, soksi imegandana na kidonda, ikitoka inatoka na kitu. Nasikia mtu anakuja, anaita mama, mama. Wanisubiri kidogo. Bado kiatu kimoja.