Bangili Nilizompelekea Rukia

Mji wa Ibra, Omani. Ijumaa, Julai 2006. Mwaka na miezi kumi tangu niondoke Pemba. Joto limetuchoma tangu alfajiri, na vidole vyangu vimejaa miba ya mitende ya shamba la Al Qabil ninakofanya kazi.

Nimemharibia mwanangu. Wacha niandike hivyo hivyo.

Mwezi wa tatu Rukia alitoka wa pili darasani. Mimi niliishia darasa la tano, basi furaha yangu haikuwa na kiasi. Nikampelekea zawadi kwa mtu aliyekuwa akirudi nyumbani: bangili mbili za dhahabu, udi, marashi. Sikutia barua. Sikutia hata kalamu.

Jana nilipeleka tende kwa Bi Zuwena, mama wa tajiri wangu mwenye shamba, mzaliwa wa Unguja. Kila Alhamisi jirani wenye asili ya Afrika huleta watoto kwake wadurusu pamoja, maana skuli wanachekwa kwa weusi wao na wengine wameanza kukataa kwenda. Baba mmoja, dereva wa lori, hajui herufi hata moja. Hukaa nyuma ya mwanawe akimpepea.

Nikamsimulia Bi Zuwena zawadi yangu, najisifu. Akaacha kuchambua tende.

"Dhahabu na udi kwa mtoto wa skuli? Ala! Ulitaka ndugu zako wafahamu nini, mwanangu? Hayo ni matayarisho ya harusi."

Nilicheka. Leo nimekuja huku Ibra kupiga simu, na sicheki tena.

Kaka yangu Kombo, niliyemwachia Rukia, alipokea kwa furaha. "Tumekufahamu, bwana! Umeshamtayarisha mwanao, nasi tumeshapokea posa. Ndoa ni mwezi wa Shaaban. Umebaki wewe tu kunipa uwakala nimuozeshe."

Nikaomba nipewe Rukia nizungumze naye.

"Shikamoo, baba." Akaniambia wiki tatu hajaenda skuli. "Mimi sikutaka kuolewa. Lakini bangili zilipofika, nikajua ndivyo unavyotaka wewe."

Nikamwambia amrudishie Kombo simu.

Kombo aliporudi kwenye simu nikamwambia uwakala sitoi. Bila ya idhini yangu mimi baba yake, ndoa haifungwi. Akaghadhibika.

"Unatutia aibu! Wewe uko huko mitendeni, huku nani atamsimamia?"

"Wewe. Kesho mpeleke skuli mwenyewe, ukaonane na mwalimu."

"Mie? Hata jina langu siwezi kuliandika!"

Nikamweleza habari za yule dereva wa lori na pepeo yake. Sijui alinisikia, au simu ilikuwa imeshakatika.

Mikutano mitatu ya wazazi skuli kwa Rukia imepita bila ya mtu wa kwetu. Namlaumu Kombo, lakini sikumuomba aende hata mara moja. Nilidhani mtoto akiwa na akili, basi inatosha.

Mtihani wake wa kidato cha pili ni Novemba. Tajiri hanipi pasi yangu ya kusafiria mpaka mkataba uishe.

Narudi Desemba.