Salamu ya Ngeleka

Mutshatsha, 20/4/1978

Josée mwana yangu,

Uko muzima? Na Louis bwana yako, na batoto? Siye tuko, mugongo tu njo inasumbua mama yako.

Mwenye anakuletea barua hii ni mudogo wako Ngeleka. Umuchunge. Mwaka jana vita ilifuata reli, ikatoka Dilolo ikatufikia hapa, na bavijana ba rika lake balipotea. Sasa banasema baasi bako tayari tena kule Angola. Mi sitangoja. Kolwezi kuko jeshi, kuko bazungu, hakuna mwenye atagusa muntu. Ni muvivu, lakini kuongea na bantu anajua.

Tata yako,
Tshiamala


Kolwezi, 6/5/1978

Tata,

Tunakusalimia bote. Mugongo ya mama inaendelea namna gani?

Ngeleka alifika muzuri. Anakula sana, analala sana, Louis anamutafutia kazi kwa mugodi ya Mutoshi. Usiogope kitu. Basoda bote macho yao iko kwa reli, upande wenu. Upande wa Zambia hakuna hata mumoja wa kusinzia. Huku bantu banalalamika tu juu ya bei ya samaki.

Mwana yako,
Josée


Mutshatsha, 18/5/1978

Josée,

Mungali bazima? Nijibu hilo kwanza.

Radio inasema baasi balipitia Zambia, bakaingia Kolwezi Jumamosi. Hapa hata kuku haikufa. Basoda bamekaa kwa reli na bunduki zao, banangoja vita yenye ilishapita kando. Mi njo nilitoa mwana penye usalama nikamutupa kwa moto. Njia ikifunguka, munirudishie Ngeleka.

Tata yako


Kolwezi, 27/5/1978

Tata,

Mi na Louis na batoto tuko bazima. Kaa chini kwanza. Ngeleka hayuko.

Baasi baliingia tukiwa kwa chai. Balipiga bantu risasi mu barabara, beupe kwa beusi, maiti ikavimba kwa jua. Louis balimutoa inje bakamupigisha magoti, eti ni muntu wa serikali. Ngeleka akatoka mikono juu, akabasalimia kwa Tshiluba, vile ulitufundisha: "Moyo." Tata, kumbe Batshokwe, kabila ya baasi hao, nabo banasalimia vilevile. Mukubwa wao akacheka, akamukumbatia, akasema huyu ni wa kwetu. Bakamuachilia Louis. Kutoka pale neno hilo lilikuwa ruhusa yake. Alipita kati ya maiti na ndoo, na avenue yetu yote ikakunywa maji.

Halafu Ijumaa ndeke zikamwanga bapara, basoda bazungu ba parashuti, juu ya muji. Siku moja tu, na baasi benye balikuwa bakubwa ba Kolwezi bakaanza kukimbia. Nyuma ya bapara basoda betu bakapita nyumba kwa nyumba na Lingala yao. Ngeleka alikuwa anarudi na maji. Akasikia buti nyuma ya ukuta ya lupango, akafikiri ni bale ba kila siku. Akasema "Moyo" mbele ya kuona sura yao. Balimupiga risasi ya tumbo, bakamumaliza na kisu.

Nililia kwamba ni Muluba, ni salamu ya kwetu. Musoda akanigeukia: "Muasi hana dada, mama. Kama wewe ni dada yake, sema tena."

Tata, nilinyamaza. Batoto balikuwa kwa mulango.

Bakamutupa mu gari ya kamyo pamoja na maiti ya baasi, sijui balimuzika wapi. Basoda hao banarudi huko kwenu. Mwenye analia muasi, naye banamuhesabu muasi. Nakuomba, musifanye kilio. Useme amesafiri.

Josée


Mutshatsha, 4/6/1978

Josée mwana yangu,

Pole. Mi niko. Mugongo ya mama yako haisemi tena, ao yeye njo haisikii.

Ulinyamaza, batoto bako hai. Ningekuwa pale, mi mwenyewe ningekuziba kinywa. Usirudilie habari hiyo ya kunyamaza, hata kwa padri.

Lakini kuficha kilio, hapana. Nimeweka biti ya bantu kukalia inje, mbele ya nyumba, na tunalia kwa sauti. Bantu baliogopa kuya. Mama Ngalula peke yake alikuya na sahani ya sombe, akakaa.

Leo basoda balifika. Mukubwa wao aliniuliza nani amekufa. Nilisema, mwana yangu. Alikufia wapi? Kolwezi, kwa mikono yenu. Akaangalia mama yako, akaangalia biti yenye haina bantu. Akasema kesho asubuhi atanifuata na kamyo.

Mama yako nimemutuma kwa Ngalula, kutoka kule yeye njo atakuletea barua hii. Umupokee. Mi nabaki kwa kilio.

Yule mukubwa aliuliza pia jina langu. Sikumupa ile ya kitambulisho. Nilimupa ile bantu ba hapa bananiita tangu siku mudogo wako alizaliwa, ukamutoa kwa mama yako ukaniletea mukononi.

Tata ya Ngeleka