Jino la Juu na Jicho

Mjukuu wangu Masanja,

Maswa mmeamkaje? Huku Nkololo hatujambo, na yule ng'ombe wako mweupe amezaa. Umeniuliza kama ni kweli jino la juu liking'olewa jicho hufa, maana lako linakuuma na unaogopa.

Hata mimi niliambiwa hivyo nikiwa darasa la sita. Nilipenda sana kusoma, kwa hiyo nikavumilia mpaka shavu likavimba. Baba akanipeleka hospitali, Bariadi mjini. Daktari aling'oa jino la juu la kulia, kisha akasema, "Ziba jicho la kushoto. Soma pale ukutani."

Nikasoma na pamba mdomoni, "Usiteme mate sakafuni."

"Basi mbona unataka kutema?"

Nenda kesho, mume wangu. Barua hii nimeiandika bila miwani.

Bibi yako